Uwanja Mpana

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tumezoea nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, hata jirani akikohoa unamsikia. Basi mtu afikapo Buhigwe, akaona nyumba imesimama katikati ya migomba na kahawa, hutamani naye apate uwanja kama ule. Mimi pia umenivuta. Wala si kosa, Mtume (s.a.w.) ameihesabu nyumba yenye wasaa katika mambo ya furaha ya mtu.

Lakini kwa Waha uwanja ule si pambo, ni chakula. Samadi na maganda ya jikoni hurudi mashinani mwa migomba, na watoto hula hapo. Kwa hivyo, kabla hujatoa fedha, uliza: ardhi hii ni ya muuzaji peke yake, au ni ya urithi? Mjane ameridhika? Dada zake wamepata mafungu yao? Tena nenda kwenye halmashauri ya kijiji, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi usimamizi.

Tumeonywa kwamba atwaaye shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa ardhi saba shingoni Siku ya Kiyama. Je, atwaaye shamba la yatima? Chumba kimoja cha halali kina wasaa zaidi.