Mwanangu wa kambo, mimi na nondo wa mng'ongo

Ukisema mbele za watu kwamba nyumbani kwako mnafuga nondo, wa kwanza kucheka ni fundi ujenzi. Mmoja aliniuliza kwenye boti ya kutoka Nyamisati, "Za milimita 12 au 16, Mwalimu?" Abiria wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Nondo ninaowazungumzia ni wadudu, ndugu zake kipepeo wanaoruka usiku. Sikuanza kuwafuga kwa sababu nawapenda sana. Nilianza kwa sababu ndani ya nyumba yangu kulikuwa na mtoto asiyenisemesha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, nikapangiwa kazi Maparoni, katika delta ya Rufiji. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalia kila nikiona maji yamekupwa na boti imekaa juu ya tope katikati ya mikoko. Huku ukitaka kutoka ni kwa maji, na maji yana ratiba yake, hayakuulizi kama una haraka. Baadaye nikaolewa na mwenyeji, mvuvi wa kamba ambaye pia huvusha abiria. Alikuwa amefiwa na mke, ameachiwa binti wa miaka 10.

Habari ya mama yake nitaisema kwa ufupi. Uchungu ulimshika usiku, maji yakiwa chini. Wakambeba hadi kwenye mtumbwi, mtumbwi ukakwama topeni, ikabidi wasubiri maji yajae. Mtoto alisimama ufukweni na bibi yake wakiitazama taa ya wale watu ikiwa palepale, haisogei, kwa muda mrefu. Mama hakurudi akiwa hai. Tangu usiku ule binti hakupanda tena chombo cha aina yoyote. Harusi za ng'ambo hakwenda, jino lilipomuuma alivumilia mpaka likang'oka lenyewe. Baba yake alitaka akimaliza darasa la saba akasome bweni bara, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kwangu hakuwa na utovu wa adabu. "Shikamoo Mwalimu" asubuhi, "ndiyo Mwalimu", "hapana Mwalimu", basi. Vyombo aliosha, maji aliteka. Wapo walionishauri nimchape kidogo anizoee, wapo waliosema nimnunulie viatu. Viatu nilinunua. Akavivaa, akashukuru, ukimya ukaendelea. Mama mkwe akaniambia nisimkimbize. Nadhani yeye peke yake ndiye aliyekuwa ananionea huruma mimi.

Novemba moja nilikwenda Kibiti kuchukua mshahara. Wakati wa kurudi pikipiki ikapata pancha kabla hatujafika Nyamisati, nikakaa chini ya mng'ongo kumsubiri kijana azibe tairi. Kuangalia juu, nikaona kitu cha rangi ya fedha kimeshikamana na kijiti. Kilikaribia ukubwa wa yai la kuku, ila chembamba zaidi, na kimejaa vitundu vidogo kana kwamba mtu amekitoboa kwa sindano. Nikakijua. Kilikuwa kifukofuko cha nondo.

Lazima niseme nilikijulia wapi. Mama yangu mzazi alikuwa mfugaji wa vipepeo. Mradi wa vipepeo wa Amani ulianza mwaka 2003, wanavijiji wakafundishwa kupanda majani ambayo kila aina ya kiwavi hula, kujenga vibanda vya nyavu, na kuuza mabuu yanayopelekwa kwenye nyumba za maonyesho huko Ulaya na Marekani. Sehemu ya ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye vibanda hivyo. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ukazuiwa, vipepeo wakahesabiwa humo, na vibanda vya mama vikabaki na buibui. Kwa hiyo wadudu wa namna hii mimi si mgeni nao, ingawa mama alifuga wa mchana, na huyu alikuwa wa usiku.

Nikakivunja pamoja na kijiti chake, nikakitia kwenye kikapu juu ya vitunguu. Nyumbani nikakining'iniza kwa uzi karibu na dirisha, sikumwambia mtu. Jioni ya siku ya pili nikasikia nyuma yangu, "Mwalimu, humu ndani mna mtu?"

Nikajibu mumo. Akauliza anakula nini, anapumulia wapi, atatoka lini. Maswali matatu kwa mkupuo! Nilijikaza nisigeuke, niliogopa nikimtazama atanyamaza.

Alitoka baada ya mvua za kwanza. Mwanzoni mabawa yalikuwa yamejikunja kama nguo iliyokamuliwa, kisha yakanyooka polepole mpaka yakawa na upana wa sentimita kama 12, rangi ya ndimu changa, yenye mabaka kama macho na mikia miwili mirefu nyuma. Wataalamu humwita Argema mimosae, na Waingereza wamempa jina la mwezi. Mama mkwe alipomwona akasema tu, "Tumepata mgeni," akaenda kukaza moto. Binti akaleta maji ya sukari kwenye kijiko. Nikamweleza kwamba nondo huyu hana mdomo wa kulia. Chakula chote alishakula alipokuwa kiwavi, na akiba hiyo itamfikisha wiki moja hivi, basi.

"Sasa ametoka kufanya nini?"

Kumtafuta mwenzake, nikamwambia. Alikuwa jike, tumbo nene na vipapasio vyembamba. Jike hutulia mahali pamoja usiku akatoa harufu, na dume, ambaye vipapasio vyake ni vipana kama manyoya ya ndege, huinusa kutoka mbali akaifuata. Tukamweka dirishani. Usiku wa kwanza hakuja dume, wa pili hakuja, wa tatu hakuja. Akataga mayai hivyohivyo, yakabonyea bila kuanguliwa. Siku alipokufa binti alimfunika kwa kifuu cha nazi, akaniuliza, "Hawajui kuvuka?"

Nikasema wao kwao ni bara. Hapa kwetu kuna mikoko na minazi, miembe na mikorosho, lakini mng'ongo haupo karibu. Akakaa kimya, halafu akasema, "Basi mwingine apelekwe hukohuko." Sikumuuliza atapelekwa na nani.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa kuulizana. Kwenye mtandao tulikuwa tunasoma palipo na mawimbi, yaani karibu na shule, sehemu moja tu, ukisogea hatua mbili yamepotea. Tukajua kwamba Madagaska yupo ndugu yake mkubwa zaidi, mwenye mikia mirefu kupita kiasi. Kwamba kusini mwa Afrika watu hutia changarawe ndani ya vifukofuko vya namna hii wakavifunga miguuni wakicheza ngoma, kama njuga. Lakini kilichomfurahisha kuliko vyote ni habari ya mikia. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ile mikia huwachanganya popo. Popo huwinda kwa mwangwi, na mikia inayozungukazunguka humfanya alenge nyuma badala ya kulenga mwili. Waliokatwa mikia walikamatwa zaidi. Binti aliisimulia darasani kwangu mbele ya wenzake, huku akiwa hajawahi kunyoosha mkono hata mara moja tangu nianze kumfundisha.

Kiangazi hicho baba yake alituletea vifukofuko vinne kutoka bara. Alikuwa mtu wa kukejeli mambo haya, lakini nilimwona akivifunga kwa leso yake asije akavibonyeza.

Novemba, siku ya Jumamosi asubuhi, akatoka jike. Binti akamtazama, akatazama maji. Maji yalikuwa yanajaa. Akamwambia baba yake ampeleke. Baba yake akaendelea kuparua samaki. "Nondo wenu, safari yenu. Mimi nahodha tu."

Alizunguka nyumba mara mbili. Kisha akachukua boksi la viatu, vile viatu vyangu, akamtia nondo ndani, akalifunika kwa kanga na kutangulia ufukweni. Bibi yake alisimama mlangoni hakusema neno. Mimi nilisahau hata kuvaa kandambili.

Alikaa katikati ya boti amelikumbatia boksi, macho kwenye kanga. Tulipofika pale mkondo unapokunja karibu na michu mikubwa akauliza bila kuinua uso, "Ni hapa?" Baba yake akajibu, "Ndiyo, hapa." Akapunguza mashine kidogo. Sijui kama ilikuwa kwa heshima au mkono ulimtetemeka. Maji yalikuwa mengi, tope halikuonekana. Binti akalihamishia boksi mapajani pangu, akainama pembeni akachovya mkono majini, akauacha humo mpaka tukapita. Hakuna aliyezungumza mpaka tukafika.

Tulilala kwa shangazi yake, kando ya barabara ya Kibiti, ambako mng'ongo upo uani. Tulishona mfuko kwa chandarua chakavu, tukamtia jike, tukauning'iniza kwenye tawi, tukakaa kwenye mkeka. Mbu walitumaliza. Shangazi alituletea chai akaondoka akitikisa kichwa. Ilipita saa 5, ikapita saa 6, nami nikaanza kujilaumu kwamba nimemvusha mtoto maji yale kwa ajili ya kitu ambacho huenda kisitokee. Saa 8 usiku nikahisi amenibana mkono. Kitu kilikuwa kinagonga chandarua kwa nje, kinaanguka, kinagonga tena. Nilimulika kwa simu nimeziba taa kwa vidole. Dume, mikia mirefu kuliko ya jike, bawa moja limechanika. Tukafungua mfuko kidogo akaingia mwenyewe. Walishikana mpaka kulipokucha, na binti hakulala.

Jike alitaga mayai 112. Binti aliamua nusu yabaki kwenye majani ya mng'ongo uleule, nusu tuyachukue. Yalipoanza kuanguliwa kazi ikageuka kazi kweli. Wenye kujua mimea huuweka mng'ongo ukoo mmoja na mwembe na mkorosho, kwa hiyo nilijaribu majani ya mwembe wetu nikiwa najiona mwerevu. Viwavi wetu hawakuyagusa. Ikabidi majani yafuatwe bara kila siku nne au tano kwa kufuata maji, na aliyekwenda na baba yake kuyachuma alikuwa binti. Safari ya kwanza walirudi nayo yamerushiwa maji ya chumvi, tukayatupa. Baadaye akajifunza kuyazungushia gunia bichi na kuyaweka chini ya ubao. Matawi tuliyatia kwenye chupa za maji zilizozibwa shingo kwa tambara ili viwavi wasitumbukie, na miguu ya meza tuliisimamisha ndani ya makopo ya maji kwa ajili ya sisimizi.

Sasa niseme kosa langu. Alikwenda shamba la mpunga na bibi yake kwa siku nne, akaniachia viwavi 43. Alinielekeza: toa mavi yao asubuhi na jioni, usiache jani la jana. Siku mbili nilifanya. Siku ya tatu nilikuwa na wageni, nikasema kesho. Ukungu ukaingia. Aliporudi akakuta 20 na ushee wamelegea, wanavuja maji, weusi. Aliwahesabu mmoja mmoja. Halafu akanigeukia na kunifokea kama mtu anavyomfokea ndugu yake, kwamba nilimwahidi, kwamba mimi nasemaga tu, kwamba sijali. Baba yake akanyanyuka kumkanya. Nikamzuia. Nilikuwa na haki ya kukasirika, mtoto kumpandishia mtu mzima sauti si jambo dogo kwetu, lakini nilikuwa nimengoja miaka miwili na zaidi anigombeze. Niliomba radhi. Hakunijibu siku hiyo wala ya pili yake. Siku ya tatu aliniita nimshikie chupa.

Tulipata vifukofuko 14. Wengine walitoka masika, tukawavusha. Wengine walilala hadi msimu mwingine, maana buu la nondo huyu lina uvumilivu wa kusubiri mvua. Tangu hapo tumeendelea hivyohivyo, na watoto watatu wa jirani siku hizi hututafutia vifukofuko, ingawa wanataka walipwe.

Januari mwaka huu alikwenda kidato cha kwanza bweni, bara. Alipanda boti na tranka lake la bati, ndani yake vifukofuko viwili ndani ya soksi. Bado ananiita Mwalimu. Mama mkwe huwa anamkanya, mimi nimeacha.

Jumapili iliyopita alipiga kwa simu ya mlezi wa bweni. Alikuwa na dakika mbili. Hakunisalimia vizuri.

"Mwalimu, ametoka?"

Nikasema ametoka alfajiri, dume, yupo kwenye pazia.

"Basi mfikishe kabla giza halijaingia. Usiseme kesho."

Maji yalikuwa yajae saa 11 jioni. Nikatoka kumtafuta baba yake.