Nyuki wa Mpakani: Moto wa Mwizi na Njaa ya Kiangazi

Msafiri anayetoka Mbale au Jinja huuona Mwamba wa Tororo kabla hajauona mji wenyewe. Mwamba huo umesimama peke yake juu ya nchi tambarare, na kilele chake kimefika kama mita 1,480 juu ya usawa wa bahari. Siku ya hewa safi, mtu aliyeupanda huona mashamba ya mihogo, mtama na mahindi yakienea upande wa mashariki hadi kuingia Kenya, wala hawezi kusema kwa macho nchi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kusini viko vilima vya Osukuru, na mbele yake, kuelekea Ziwa Viktoria, iko Busia.

Mpaka wenyewe si wa kale. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya. Kwa kalamu hiyo Wateso na Wasamia wakajikuta wamegawanyika pande mbili. Hata leo mtu wa Busia ya Uganda huvuka kwenda kumzika mjomba wake katika Busia ya Kenya, na hurudi jioni kukamua ng'ombe wake. Mwezi Februari 2018 marais wa nchi hizi mbili walizindua rasmi kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji hapo Busia, hata msafiri akawa anakaguliwa mahali pamoja badala ya pawili.

Lakini yuko msafiri mmoja ambaye hajakaguliwa hata siku moja, naye ni nyuki. Akiondoka mzingani, nyuki huweza kuruka kilometa mbili au tatu kutafuta maua. Basi mzinga uliotundikwa karibu na mto Malaba au mto Sio, ambayo katika sehemu zake ndiyo mpaka, huwa na vibarua wanaolala Uganda na kufanya kazi Kenya. Asali ya huku ni mali ya nchi mbili hata kabla haijafika sokoni.

Ufugaji wa nyuki katika sehemu hizi ni kazi ya mababu. Mizinga ya magogo bado huonekana juu ya miti mikubwa, imefungwa kwa kamba au kwa waya ili nyegere asiifikie. Pamoja nayo siku hizi kuna mizinga ya mbao. Mmoja ni ule uliobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970: ni sanduku refu lenye mbavu za mteremko, na juu yake hupangwa vipande vya mbao ambavyo nyuki hujengea masega, kila sega na kipande chake. Mfugaji huweza kuinua sega moja, akalitazama, na kulirudisha bila kuvunja nyumba nzima. Tena mzinga huo hukaa chini, kimo cha kiuno, hata akina mama ambao zamani mila haikuwaruhusu kupanda miti wamepata kuwa wafugaji.

Mmoja wa akina mama hao anaishi chini ya vilima vya Osukuru. Ni mjane mwenye watoto wanne, na mizinga yake ilikuwa minane, imewekwa nyuma ya migomba, mbali kidogo na nyumba kwa kuogopa watoto wasiumwe. Kwa mama huyu asali si anasa. Asali ya mwisho wa mwaka ndiyo ada ya shule ya mwezi Februari.

Mwaka mmoja, usiku wa mwezi wa Novemba, mizinga yake mitatu ilivunjwa. Wezi wa asali wa sehemu hizi hawana bomba la moshi wala vazi la kujikinga. Huja na nyasi kavu, wakaziwasha, wakaupitisha moto mdomoni mwa mzinga mpaka nyuki wapoteze nguvu. Kisha hupasua kifuniko kwa panga na kukumba masega yote katika ndoo, ya asali na ya majana pamoja. Majana ni watoto wa nyuki ambao bado hawajaota mbawa. Wamo humo katika vyumba vya nta, wakilindwa na joto la kama nyuzi 35 ambalo nyuki vibarua hulitunza usiku na mchana. Alfajiri mama wa Osukuru alikuta majivu, nta iliyoyeyuka, na nyuki wachache wakizunguka juu ya kitu kisichokuwapo tena.

Wengi hudhani kwamba hasara ya wizi kama huo ni asali tu. Sivyo. Nyuki kibarua wa kipindi cha kazi nyingi huishi majuma sita hivi. Yai la kibarua huchukua siku 21 hata kutoka nyuki kamili. Malkia akifa kwa moto, na majana yakachukuliwa yote, hakuna wa kuchukua nafasi ya wanaokufa, na kundi zima limekwisha hata kama maelfu wangali hai siku ile. Aliyeiba ndoo moja ya asali ameua mji.

Inafaa kulinganisha. Huko California, Marekani, wafugaji hukodisha mizinga yao kwa wenye mashamba ya lozi ili nyuki wachavushe maua ya mwezi Februari. Huko nako kuna wezi, na wizi wao ni mkubwa: hupakia mizinga mizima juu ya malori usiku. Lakini mwizi wa California anataka nyuki wawe hai, kwa maana kinacholipiwa ni kazi yao. Mwizi wa mpakani hapa anataka asali tu, na nyuki kwake ni adui wa kuchomwa. Ndiyo sababu wizi wa huku, ingawa ni mdogo kwa kipimo, unateketeza zaidi.

Hata hivyo moto huo ni nusu tu ya msiba. Nusu ya pili huja na kiangazi.

Katika nchi za Ulaya adui wa nyuki ni majira ya baridi. Maua hufa, theluji hufunika nchi, na nyuki hukusanyika mzingani kama mpira, wakitikisa misuli yao kupata joto na kula akiba waliyoiweka. Mfugaji wa huko hujua kwamba kila kundi lahitaji kuachiwa asali kama kilo 15 hadi 20, na pengine zaidi, ili livuke mpaka maua yarudi. Tororo na Busia hazina theluji. Lakini tangu Desemba hadi mvua za Machi nchi hukauka, nyasi huchomwa moto na wachungaji, vijito hupungua, na maua huwa machache. Kiangazi hicho ndicho majira ya baridi ya nyuki wa huku. Tofauti ni kwamba nyuki wa Ulaya hana pa kwenda katika theluji, hufia nyumbani. Nyuki wa Afrika akiona ghala tupu huondoka na malkia wake, akaenda kutafuta nchi nyingine. Mfugaji huamka asubuhi akakuta mzinga uko kimya.

Hapa ndipo wizi na njaa vinaposhikana mikono. Mama wa Osukuru alikuwa amebakiwa na mizinga mitano, na masega yake yalikuwa hayajaiva yote. Shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, alikuja kumpa pole, akatazama mizinga ile, akasema:

"Shemeji, rina asali yote leo. Ukiiacha, unawawekea wezi."

"Na nyuki watakula nini mpaka Machi, shemeji?"

"Nyuki wengine watakuja. Ada ya watoto haiji yenyewe."

Shemeji hakusema upumbavu. Hivyo ndivyo wafugaji wengi wa mpakani hufanya: kwa kumwogopa mwizi hurina mapema, asali ikiwa mbichi, na hurina yote, bila kuacha hata sega moja. Asali mbichi, ambayo nyuki hawajaiziba kwa nta, ina maji mengi. Ikipita maji asilimia 20 huanza kuchacha na kutoa povu, na bei yake huanguka. Na kundi lililonyang'anywa akiba yote mwezi wa Novemba halioni mwezi wa Machi. Kwa hiyo mwizi anayeunguza mizinga mitatu huua pia mizinga ambayo hakuigusa, na huiua kwa mikono ya mwenyewe.

Mama alikaa siku mbili akifikiri. Siku ya tatu aliwaita wanawe wakubwa, na jioni ile wakaihamisha mizinga yote mitano, mmoja mmoja, milango imezibwa kwa nyasi mbichi, wakaipeleka kwa ndugu yake aliye mbali, ng'ambo ya vilima. Umbali huo ulikuwa wa lazima, kwani mzinga ukisogezwa hatua chache tu, nyuki hurudi pale pa zamani na kupotea. Majuma kadhaa baadaye aliirudisha nyumbani na kuiweka karibu na dirisha la chumba anacholala, nyuma ya ua wa miti mirefu uliowalazimisha nyuki kuruka juu ya vichwa vya watoto. Juu ya kila mzinga, na juu ya kila kipande cha mbao ndani yake, alitia alama kwa chuma cha moto. Jambo hilo si geni katika Afrika Mashariki. Wakamba wa Kenya tangu zamani huweka alama ya ukoo juu ya mizinga yao, ili kila apitaye ajue kwamba mti ule una mwenyewe.

Kisha akarina kwa kipimo. Alitoa masega yaliyozibwa robo tatu au zaidi, na katika kila mzinga akaacha masega manne yenye asali karibu na majana. Fedha hazikutosha ada za watoto wote, akauza mbuzi mmoja.

Kiangazi kilipokaza alifanya kazi ambayo kila familia yenye mizinga yaweza kuifanya. Aliweka karai la maji kivulini, lenye mawe na vijiti ndani yake ili nyuki wasimame wasizame. Alifyeka nyasi kuizunguka mizinga ili moto wa wachungaji usiifikie, na miguu ya mizinga aliisimamisha katika makopo yenye oili chafu kuzuia siafu. Mzinga mmoja ulipoonekana mwepesi, alichemsha maji, akayeyusha sukari kilo moja kwa lita moja, akaacha ipoe, na jioni akaiweka ndani ya mzinga katika sahani yenye vijiti. Huwekwa jioni, tena ndani, kwa sababu sukari ikiachwa wazi mchana huita nyuki wa mizinga mingine waje kupora. Wala sukari hiyo haitolewi wakati wa mavuno. Nyuki wataiweka katika masega, na mnunuzi atauziwa sukari kwa jina la asali.

Yako mambo yasiyoweza kufanywa na mjane peke yake. Mkutano wa kijiji uliandika idadi ya mizinga ya kila nyumba na alama zake, na karatasi moja ikapelekwa kituo cha polisi. Kwa karatasi hiyo, askari akimkuta mtu usiku na ndoo ya masega yenye vipande vya mbao vilivyotiwa alama, ana jambo la kuuliza. Kazi hiyo ni ya pande zote mbili, kwa kuwa asali iliyoibwa Tororo huweza kuvuka kwa njia za panya na kuuzwa Kenya kabla ya jua kuchomoza, na ya Kenya huvuka vivyo hivyo kuja huku.

Lakini askari mpakani hukamata mmoja kati ya wengi. Anayeweza kumzuia mwizi kila siku ni mtu mwingine, naye ni mnunuzi. Asali ya bei rahisi isiyo ya kawaida, yenye harufu kali ya moshi, yenye majivu na vipande vyeupe vya majana, mara nyingi imetolewa kwa haraka na kwa moto. Dalili hizo peke yake hazithibitishi wizi, kwa maana wapo warinaji halali wasiofundishwa. Lakini zinatosha kumfanya mama wa nyumba, awe wa kambini au wa kijijini, aulize: asali hii ni ya mzinga wa nani? Muuzaji mwenye mizinga hujibu mara moja, tena kwa fahari. Asiye nayo hubadilisha mazungumzo. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Mwizi naye akipata mnunuzi leo, kesho atarudi na nyasi zake kavu.

Mvua za mwaka ule zilifika Tororo mwezi wa Machi. Katika mizinga mitano ya mama wa Osukuru, mmoja ulikuwa umehamwa. Minne ilikuwa hai, na milangoni mwake nyuki waliingia na chavua ya manjano miguuni, dalili kwamba ndani malkia anataga na majana yanalishwa. Shemeji alikuja tena, akasimama akitazama kwa muda mrefu. Hakusema neno juu ya ushauri wake wa Novemba. Aliuliza tu ni nani anayeweza kumchongea vipande vya mbao vya mzinga, na chuma kile cha alama kinapatikana kwa fundi gani.