Utando Juu ya Maji

Pwani, neno mwani halina uadui. Tangu kilimo chake kilipoanza kibiashara Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani limekuwa neno lenye harufu ya kamba, ya chumvi na ya ada ya shule, kwani wakulima wengi ni wanawake, na mzigo uliokaushwa juani aghalabu umekwisha kugawiwa watoto kabla haujauzwa. Neno hilohilo likipanda bara hadi miguuni mwa Mlima Meru hubadilika sura. Huko hakuna mwani wa kufungwa kambani. Kuna utando, wa kijani au wa kahawia, unaoelea juu ya maji ya magadi.

Maziwa ya Momela yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960. Yalizaliwa na msiba. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, tope na mawe yakatiririka hadi uwandani, na katika mabonde yaliyoachwa maji yakatuama. Hulishwa na chemchemi za chini ya ardhi, wala hayana mto wa kuyatoa. Maji huondoka kwa mvuke, na chumvi hubaki. Ndiyo sababu Momela Kubwa na Momela Ndogo, Rishateni, Lekandiro na Tulusia ni ndugu wa tumbo moja wasiofanana rangi: magadi ya kila ziwa yana kipimo chake, na kila kipimo kina viumbe wake.

Viumbe hao wengi huwaita mwani, na jicho halina kosa kudhani hivyo. Lakini sehemu kubwa ya utando ule ni bakteria, wa ukoo wa kale mno, wanaojipikia chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani. Zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita ukoo huo ndio ulioanza kuijaza dunia oksijeni. Kwa heroe mdogo, bakteria hao ni mlo. Huinamisha kichwa hata mdomo ukawa juu chini, akayachuja maji, na rangi ya waridi anayosifiwa nayo hutoka katika chakula hicho. Mshairi anayemfananisha heroe na alfajiri huwa ameusifu utando pasi na kujua.

Mwaka 2004 heroe walikufa kwa wingi katika Momela Kubwa na katika Ziwa Manyara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuyachunguza maji, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 sumu ya bakteria wa ukoo huo ilitajwa kuwa sababu inayowezekana. Nchini Kenya, maziwa ya Bogoria na Nakuru yalikwisha kushuhudia vifo vya heroe katika miaka ya 1990. Si kila bakteria wa ukoo huo mwenye sumu, na jicho haliwezi kuwatenga. Chakula na kifo huja katika sahani moja.

Afugaye samaki wa bahari ndani ya tangi la kioo anamjua kiumbe huyu kwa umbo dogo. Mchanga mweupe huvaa zulia jekundu lenye utelezi na vipovu vya hewa. Asubuhi hulifyonza kwa mpira, baada ya siku chache limerudi. Nalo, ingawa huitwa mwani, ni bakteria. Hulishwa na chakula kilichozidi, na kinyesi cha samaki, na fosfati inayoweza kuja na maji ya bomba, na hustawi katika pembe zisizofikiwa na mkondo. Dawa ya kuua bakteria huweza kulimaliza upesi. Lakini dawa haichagui: huweza pia kuwadhuru bakteria wasioonekana, wale wanaoigeuza amonia, iliyo sumu kwa samaki, kuwa nitrati isiyo na ukali huo. Na utando uliokufa, ukioza, huyanyang'anya maji oksijeni. Tangi huwa safi machoni, na samaki wakahema juu. Kwa hiyo mfugaji mzoefu hupunguza chakula, hubadilisha maji kidogo kidogo, huyachuja kabla ya kuyatia chumvi, huzidisha mkondo, kisha husubiri.

Momela haina wa kuibadilishia maji, na kuuondoa utando wake ni kuwaondolea heroe chakula. Lakini heroe ana mabawa. Ziwa likimchukia huhama, na upo Natron, kaskazini, ambako heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzalia.

Watu wa Meru hawana mabawa. Miamba ileile ya volkano iliyoyapa maziwa magadi huyatia floridi maji ya visima na mito. Meno ya kahawia yanajulikana sana Arusha, na floridi ikizidi mno kwa miaka mingi hupinda mifupa ya watoto. Hata magadi yanayotiwa chunguni ili maharage yaive upesi huweza kuiongeza. Huko Ngurdoto, karibu na hifadhi, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuiondoa floridi, na njia yake mojawapo ni mifupa ya ng'ombe: huchomwa ikawa makaa, makaa yakapangwa katika kichujio, nayo huinasa floridi maji yapitapo.

Utando wa Momela hujitangaza kwa rangi, na zulia la tangini vilevile. Floridi haijitangazi. Maji yenye floridi huweza kuwa maangavu, yasiyo na harufu, ya kuvutia kuliko maji mengi ambayo washairi wa pwani wameyasifu kwa wangavu wao. Mama anayemchotea mwanawe hana cha kumwonya. Anahitaji mtu wa kuyapima maji, na kichujio, na mwingine wa kukumbuka kwamba makaa nayo huchoka, yakahitaji kubadilishwa kabla jino jipya la mtoto halijaota.