Ushahidi wa Pini

Mtu akusanyaye vitu vya kale hana budi kuwa na macho mawili: moja la kupenda na moja la kuuliza. La kwanza humpa mali. La pili humpa elimu. Ukweli wa neno hili waonekana Marekani, kwa watu wakusanyao masalio ya mchezo wa bolingi.

Katika mchezo huu pini kumi husimamishwa kwa umbo la pembetatu mwisho wa njia ya mbao, na mchezaji huviringisha tufe zito kwa mwendo wa futi 60 ili aziangushe. Pini moja ina kimo cha inchi 15 na uzito wa ratili tatu na nusu hivi. Zile za kale zilichongwa kwa mepo, mti mgumu ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, zikapakwa laka tu; ganda la plastiki lilikuja baadaye. Kwa hiyo mkusanyaji apatapo pini kongwe huigeuza mkononi kama mnunuzi wa lulu: hutazama rangi ya mti, makovu ya matufe, na herufi ABC zilizopigwa chapa. Kando yake huweka medali, beji, vikombe, na mashati yaliyotariziwa majina ya timu.

Jicho la kupenda hutosheka hapo. Jicho la kuuliza halitosheki. Huuliza kwanza: pini hii ilipoanguka, nani aliisimamisha? Kabla ya mashine kuenea katika miaka ya 1950, kazi hiyo ilifanywa kwa mikono, aghalabu na watoto. Mwezi wa Aprili 1910 Lewis Hine aliwapiga picha wavulana wa kazi hiyo huko Brooklyn, saa saba ya usiku. Aliandika kwamba watoto watatu, wadogo kuliko hao, walizuiwa na bwana wao wasionekane pichani. Majina ya washindi yamechorwa juu ya vikombe. Watoto hao watatu hawana hata sura.

Huuliza tena: herufi zile ni za nani? Ni za American Bowling Congress, chama kilichoundwa New York mwaka 1895, kikaleta kipimo kimoja kwa mchezo uliokuwa na vipimo vingi. Kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini tangu 1916 hadi 1950 kanuni yake haikukubali wanachama ila wanaume weupe. Pini ilipimwa kwa haki. Mtu hakupimwa hivyo. Mwaka 1939 Wamarekani weusi waliunda chama chao wenyewe huko Detroit.

Kanuni ilifutwa, lakini si milango yote iliyofunguka. Mwezi wa Februari 1968, mjini Orangeburg katika South Carolina, wanafunzi walidai haki ya kuingia katika nyumba ya bolingi iliyowakataa watu weusi. Usiku wa tarehe 8 askari waliwapiga risasi katika uwanja wa chuo. Vijana watatu walikufa: Samuel Hammond, Delano Middleton na Henry Smith.

Je, mkusanyaji azitupe pini zake kwa sababu hiyo? Hasha. Mti hauna kosa, na furaha ya wengi walioucheza mchezo huu haikuwa ya uongo. Lakini pini iliyowekwa rafuni bila habari ni pambo tu. Ikiandikiwa habari zake, tamu na chungu pamoja, huwa shahidi. Karatasi ndogo chini ya pini yatosha kwa kazi hiyo, na gharama yake ni ndogo kuliko bei ya beji moja.

Pini ikianguka husimamishwa tena. Ndiyo desturi ya mchezo. Binadamu waliouawa hawasimamishwi hivyo. Waweza kusimamishwa katika kumbukumbu tu, na mwenye rafu ya masalio ana sehemu yake katika wajibu huo.