Jinja na Maporomoko Yaliyozama

Ukifika Jinja nchini Uganda utaoneshwa mahali Mto Nile uanzapo safari yake kutoka Ziwa Victoria. Maporomoko ya Ripon hutayaona. Yalitoweka lilipojengwa bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 na Malkia Elizabeth wa Uingereza.

Kwa miaka mingi shirika moja la serikali lilizalisha umeme wa hapo na kuufikisha majumbani. Sheria ya mwaka 1999 ikafungua njia ya kuligawanya. Mitambo ikakodishwa kwa Eskom ya Afrika ya Kusini, na nyaya za mitaani, mwaka 2005, kwa kampuni iitwayo Umeme. Mwaka 2006 ziwa likapungua, giza likatanda. Ndipo wenye mitaji wakajenga bwawa la Bujagali, la megawati 250, lililokamilika mwaka 2012 na kuyazamisha maporomoko ambayo Wasoga huyaheshimu kuwa makao ya roho.

Mitambo ilirudi serikalini mwaka 2023, nyaya mwaka 2025. Maporomoko hayakuwa na mkataba wa kurudishwa, na hilo, kwa maoni yangu, lilistahili kupimwa kabla ya bei. Siku hizi wenye mashua huwatembeza wageni Bujagali juu ya maji yaliyotulia.