Siku ya Mwisho Darajani

Katika ziara za masomo, siku ya mwisho aghalabu haihesabiwi kuwa siku. Wanachuo hufunga mizigo, wakufunzi huhesabu fedha zilizosalia, na kila mtu hungojea saa ya kuondoka. Nasi tulikuwa na mawazo hayohayo tulipofikia mwisho wa ziara yetu ya Unguja pamoja na wanachuo ishirini wa Historia na Jiografia kutoka mkoa wa Kagera. Makala haya yanaeleza jinsi siku hiyo ilivyotusahihisha.

Siku za kwanza tulifundisha kwa namna tuliyoizoea. Tulisimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, tukatoa maelezo. Tulikwenda Mkunazini, karibu na mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, tukatoa maelezo. Wanachuo waliandika yote tuliyosema. Usiku, tulipoyapitia madaftari yao, tuliona miandiko ya watu ishirini na maneno ya mtu mmoja.

Siku ya mwisho hatukuwa na somo. Boti ya Dar es Salaam ilikuwa ya alasiri, kwa hiyo tuliwaruhusu wanachuo wapite sokoni Darajani wanunue khanga na karafuu za kupeleka nyumbani. Hapo ndipo mwanachuo mmoja alipotuuliza, "Mwalimu, tunapita Darajani tangu juzi. Daraja lenyewe liko wapi?"

Hatukujua la kumjibu. Tulikaribia kusema kwamba hilo ni jina tu. Jibu la namna hiyo, ndugu msomaji, huua masomo mengi, kwa sababu humfundisha mwanafunzi kwamba swali lake halikuwa na maana. Kwa bahati njema, aibu ilituzuia. Tulimwambia, "Hatujui. Twende tukaulize."

Tulimwendea mzee mmoja aliyekuwa akiuza kofia. Baada ya shikamoo na marahaba, alicheka, akaelekeza kidole chini kwenye miguu yetu. "Mko juu yake, wanangu. Hapa palikuwa bahari."

Kwa hakika, Mji Mkongwe ulikuwa karibu kuwa kisiwa. Hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, liliingia kutoka upande wa kaskazini na kuutenga mji wa mawe na upande wa pili. Maji yalipojaa, vyombo vidogo viliingia. Yalipokupwa, lilibaki tope. Watu walivuka kwa daraja, na soko likapata jina lake. Wakati wa utawala wa Waingereza hori lilifukiwa kwa awamu, na juu yake ikapita barabara ambayo leo huitwa Benjamin Mkapa.

Tuliwagawa wanachuo katika vikundi vitatu. Kikundi cha kwanza kilifuata barabara hiyo kwa miguu kutoka upande wa Malindi hadi viwanja vya Mnazi Mmoja. Cha pili kilitazama majengo ya kila upande. Cha tatu kilikusanya majina ya mitaa. Hatukuwapa maelezo yoyote. Tuliwapa saa mbili na swali moja: maji yameacha alama gani?

Walirudi na mengi. Kikundi cha majina kilileta Kisiwandui, jina lenye neno "kisiwa" ndani yake, mahali ambapo leo hapana maji. Kilileta pia Ng'ambo, jina ambalo bado hutumiwa ingawa hakuna tena cha kuvuka. Kikundi cha majengo kilieleza kwamba upande mmoja waliona nyumba ndefu za mawe na milango ya nakshi, na upande wa pili, nyuma ya maduka, nyumba za chini na maghorofa marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Wakajadiliana wenyewe: hori lilitenga nchi kavu tu, au lilitenga pia matajiri na wanyonge? Mmoja akasema kwamba kufukia maji ni kazi ya mchanga, lakini kufukia ng'ambo ni kazi ya vizazi. Sentensi hiyo hatukuisema sisi.

Ndani ya boti, mwanachuo mzaliwa wa Ngara alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Huku daraja halipo, lakini watu wanalijua. Kwetu Rusumo daraja lipo, na watoto hawajui lilipitisha nani." Alikuwa akikumbuka aliyosimuliwa na wazazi wake. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka hapo na kuingia Ngara, na mahali paitwapo Benako pakawa kambi kubwa. Watoto wanaosoma jirani na barabara hiyo leo huyaona malori yakipita, na huenda hawajaulizwa swali hata moja juu yake.

Mwanachuo huyo alipopangiwa mazoezi ya kufundisha Nyarubungo, hakuanza na ubao. Aliwatuma watoto wakawaulize babu na bibi zao asili ya jina la mahali pao. Walirudi na majibu matatu yasiyopatana, wakabishana kipindi kizima. Tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa kumkagua. Fomu ya ukaguzi ilikuwa na nafasi ya kuandika kama mwalimu ametoa maelezo ya kutosha. Tuliiacha wazi, tukamwandikia pembeni kwamba somo lilikuwa zuri.

Tangu hapo, kila tunapopanga ziara, siku ya mwisho haina mhadhara. Tunawashauri wakufunzi wenzetu wajaribu vivyo hivyo, nao wasione haya kusema mbele ya wanachuo: hatujui, twende tukaulize.