Wino Mwingi, Sura Hakuna

Najua nimepotea. Niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, na ahadi ni deni, lakini leo niacheni niwasimulie yaliyonikuta Ukunda wiki mbili zilizopita. Ni habari ya wino, na ni habari ya uso wa mama yangu.

Mama amestaafu ualimu. Miaka 34 ya chaki, karibu yote huku Msambweni. Walimu wenzake wakapanga kumuaga siku ya Jumamosi, na mimi, mtoto wake "wa kompyuta", nikapewa kazi moja tu: bango. Mita 2 kwa mita 1, picha yake na maneno ya shukrani.

Picha ninayo, nilimpiga mwenyewe jioni moja uani, chini ya mwembe. Amevaa miwani na mtandio mweupe, anacheka. Lakini kwenye kioo cha kompyuta niliiona imepauka. Nikazidisha rangi. Alhamisi nikaipeleka kwa mchapishaji wa mabango pale Ukunda, nikamwambia fundi: "Wino usiuonee uchungu, nataka rangi zikolee." Fundi akatii. Akapandisha kiwango cha wino, akachagua mwendo wa haraka kwa sababu jioni ilikuwa inaingia na foleni ilikuwa ndefu.

Bango likatoka. Miwani ipo. Meno yapo. Mtandio upo, unang'aa. Katikati pana doa jeusi. Uso wa mama haupo! Nikaligusa, wino ukabaki kidoleni.

Fundi, kijana mpole kabisa, akaniambia bila ubaya wowote: "Kaka, picha za watu weusi ndivyo zinavyotoka. Tumezoea."

Ndugu msomaji, neno hilo "tumezoea" lilinichoma kuliko bango lenyewe. Mimi ni mtu wa programu. Mtumiaji akiniambia amezoea kasoro, huwa najua kasoro hiyo ina mwenyewe. Nikaomba kiti, nikaomba nioneshwe mipangilio ya mashine. Fundi akacheka, lakini akakubali.

Sasa tuelewane kwanza jinsi printa ya wino inavyofanya kazi. Kichwa cha printa kina mamia ya matundu madogo, na kila tundu hurusha vitone. Katika mashine nyingi za mabango, nyuma ya tundu kuna kipande kinachojikunja kikipewa umeme, nacho husukuma wino nje. Ukibadilisha mpigo wa umeme, unabadilisha ukubwa wa kitone. Kipimo chake ni pikolita, yaani lita moja ukiigawa mara trilioni moja.

Fanya hesabu kidogo. Kitone cha pikolita 4 kikiwa hewani kina upana wa kama mikroni 20. Cha pikolita 32 kina kama mikroni 39. Umeona? Wino umeongezeka mara 8, upana umeongezeka mara 2 tu. Kwa hiyo kitone kikubwa kinapotua hakifuniki eneo mara 8 zaidi kama ungedhani. Kinamwaga wino mwingi mahali pamoja, na plastiki ya bango hainywi wino kama karatasi. Wino unakaa juu, unatambaa, unaungana na jirani yake.

Jambo la pili ni msongamano, yaani vitone vingapi vinatua katika eneo moja. Printa haina wino wa kijivu wala wa maji ya kunde. Ina siani, majenta, manjano na nyeusi, basi. Mahali panapotakiwa weusi wa asilimia 40, haiwezi kutoa asilimia 40 ya kitone. Inapiga au haipigi. Njia moja maarufu ya kuamua ni ile ya Floyd na Steinberg, iliyochapishwa mwaka 1976. Mfano wake ni makanga wa matatu asiye na chenji. Wewe anakupunja shilingi 5, anayefuata anamzidishia, na mwisho wa safari hesabu ya gari zima inakaa sawa. Programu nayo ikikosea nukta moja, inagawa kosa kwa nukta za jirani ambazo bado hazijachapwa. Jicho likiwa mbali linaona kijivu.

Lakini mchezo wote huo unategemea nafasi nyeupe kubaki kati ya vitone. Sehemu zenye giza, kama uso wa mama kivulini, nafasi hizo ni chache tangu mwanzo. Mimi nimezidisha rangi, fundi amepandisha wino, mwendo wa haraka umetumia vitone vikubwa. Tumeziba kila kijitundu cha mwanga. Uso haukukosa wino, ulizama ndani yake.

Tukafanya jaribio. Nilitengeneza ngazi ya miraba 21, kutoka asilimia 0 hadi 100, kila mraba ukizidi wa nyuma yake kwa 5. Tukaichapa kwenye kipande kilekile cha plastiki kwa mipangilio ileile. Kuanzia 65 kwenda juu, miraba 8 yote ilikuwa nyeusi sawasawa. Na mraba wa 50 ulionekana kama 70. Maana yake, thuluthi nzima ya giza ilikuwa imefutwa, na sura ya mama ilikuwa inaishi humo humo.

Dawa ilikuwa na sehemu tatu. Kwanza, kikomo cha wino. Rangi nne zikipigwa zote kikamilifu ni asilimia 400, na plastiki haiwezi kubeba mzigo huo. Yetu ilikuwa 300, tukashusha hadi 220. Pili, tukaacha mwendo wa haraka, tukaruhusu vitone vidogo. Tatu, kwenye tarakilishi yangu ya mkononi niliandika programu fupi yenye jedwali la namba 256: ukitaka kuona 50, peleka 33 au hivi, na kadhalika. Tukachapa ngazi tena. Safari hii miraba ilitofautiana hadi 95. Fundi akanyamaza, akavua kofia, akakuna kichwa.

Kuna historia hapa inayofaa kutajwa. Kuanzia miaka ya 1950 huko Marekani, maabara za picha za Kodak zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zikaitwa "Shirley". Yeye akitoka vizuri, kazi imekwisha. Weusi walitoka walivyotoka. Lakini sitaisingizia Kodak bango langu. Hapa Ukunda hapakuwa na Shirley. Palikuwa na mimi, mtoto wake wa kumzaa, niliyerekebisha picha kwa kuangalia mtandio.

Bango la pili lilichukua dakika 20 badala ya 6. Nilimlipa fundi yote mawili, maana la kwanza kosa lilikuwa langu.

Jumamosi mama alisimama mbele yake muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniita pembeni: "Mwanangu, hata kovu la tetekuwanga umeliweka?" Kweli, liko juu ya nyusi ya kushoto, dogo kama punje ya mtama. Kwenye bango la kwanza halikuwapo. Nikamuuliza kama angependa niliondoe. Akasema, "Liache. Ndiyo mimi."

Mabango mengi huku kwetu huishia kuezeka banda la kuku. Hilo la pili liko sebuleni. Lile la kwanza ndilo liko juu ya kuku.

Fundi sasa ana ngazi yetu ya miraba imebandikwa ukutani, na pembeni yake uso wa mama, upana wa kiganja. Kila akifungua plastiki mpya anavichapa vyote viwili kwanza. Nawe ukipeleka picha ya mtu wako kuchapwa, usikubali waanze na kubwa. Omba kipande kidogo cha uso tu, kitoe nje juani, kitazame. Kama humuoni mtu wako, mwambie fundi apunguze wino.

Somo la hifadhidata linakuja, inshallah. Tuonane.